Naomba ushauri: sauti inatangulia picha kwenye DCP

Wadau, salaam kutoka Mombasa. Filamu yetu ya dakika 90 tuliipiga Mji wa Kale kwa fremu 25 kwa sekunde. Ukumbi wa sinema unataka DCP (kifurushi cha faili za kidijitali za kuonyeshea filamu ukumbini) ya fremu 24. Picha ikigeuzwa inarefuka hadi dakika 93 na sekunde 45, sauti inabaki 90. Mwanzoni midomo inalingana. Tukifika kwa mama wa mahamri akigombana na dereva wa tuktuk, matusi yanasikika kabla hajafungua kinywa! Pengo linakua, kwa hiyo sidhani ni spika za ukumbi.

Nikipunguza mwendo wa sauti kwa asilimia 4 inakaa sawa, ila taarabu inashuka karibu nusu toni, na mpiga udi wetu hatanielewa. Je, nirefushe sauti bila kushusha toni, au niwabembeleze wapokee DCP ya fremu 25? Sava yao (mashine inayochezesha DCP) ni ya zamani, huenda isiikubali.