Mrejesho: Mjomba ametolewa kwenye mashine

Wapendwa, Juni hii ya 2021 niliwauliza kama tukubali mjomba, aliyekuwa anaugua korona, awekewe mashine ya kupumulia, maana hapa Kampala watu wanasema ukishaingizwa mpira wa hewa kooni hutoki hai. Tulikubali. Nawashukuru mno mliokesha nami.

Daktari alitueleza kwamba mashine haiponyi korona. Inayabebea mapafu kazi huku mwili ukipambana. Akalazwa kwa dawa ya usingizi, mpira ukapitishwa kooni. Kilichonishtua ni kumkuta amelazwa kifudifudi, saa 16 kwa siku! Kumbe hivyo mapafu ya upande wa mgongoni hufunguka, na kweli oksijeni yake ilipanda. Alipewa pia deksamethasoni, miligramu 6 kila siku kwa siku 10, dawa ya bei nafuu kabisa; utafiti wa Uingereza wa 2020 ulionyesha inapunguza vifo vya walio kwenye mashine kwa takriban theluthi moja.

Siku ya 12 mpira ukatolewa. Sauti imekauka, miguu haina nguvu, kumeza bado kwa tabu. Wauguzi wanamfundisha kukaa. Jana aliomba uji. Mama alipoambiwa kaka yake anataka uji, alilia pale pale mlangoni.