Goti bovu juu yake sukari: nirudi taekwondo, nihamie karate, jujitsu ama ngumi? (Malindi)

mtoto_wa_maweni

Wadau salama? Niko Malindi, nafanya kazi ya hoteli huku Casuarina, zamu nyingi ni za usiku. Taekwondo nimecheza tangu sekondari mpaka goti la kushoto liliponitenda kwenye mpira wa ufuoni, mguu ulizama mchangani mwili ukageuka goti likabaki pale pale, nikasikia ko! na kufikia magharibi lilikuwa limevimba kama dafu. Nikatumwa Mombasa kupigwa MRI, majibu ACL, ile kano ya ndani ya goti, imechanika sehemu na meniskasi, gegedu la kati ya mifupa, nayo imeguswa. Daktari akasema tuanze na fizio kwanza, mambo ya kupasuliwa tutaangalia mbele. Sai natembea freshi, ngazi napanda, ila nikigeuka ghafla nahisi kama lataka kuchomoka. Afu juu ya hio mwaka huu nikapimwa nikaambiwa nina sukari, natumia dawa ya metformin.

Sasa kukaa bure siwezi, mwili wanenepa na kichwa kinajaa mawazo. Nilinganishieni basi. Nirudi taekwondo pole pole, ama nihamie karate (kuna darasa la mtindo wa Goju karibu na kwetu), ama jujitsu manake naambiwa ni ya chini chini hakuna kuruka, ama ngumi za begi tu? Kuna mtu kanishauri tai chi nikamcheka lakini sai naifikiria. Na tafadhali msinambie niende nikakandwe, nshakandwa na nusu ya Malindi.

fizio_wa_pwani

Pole sana kaka. Mimi ni fizio ila goti lako sijalishika, yule anayekuhudumia ndiye wa kusikizwa kwanza.

Ukitaka kulinganisha hii michezo usianze na majina yake. Angalia ni wapi unyayo unakwama chini halafu mwili unazunguka juu yake, hapo ndipo ACL huenda. Taekwondo imejaa hio. Chukua dollyo chagi, lile teke la kuzungusha, watu wote macho kwenye mguu unaorushwa kumbe kazi yote iko kwa ule uliosimama, kisigino kisipogeuka sawa sawa basi goti ndo hugeuka badala yake. Wewe bovu ni la kushoto, na kama wapiga kwa kulia hesabu mwenyewe. Karate ukibaki kwenye kata, zile hatua za kupangwa unazofanya peke yako, wageuka kwa mwendo wako na unajua utageuka wapi. Begi nalo lina kuzungusha mguu wa nyuma ila waweza kuinua kisigino unyayo ukateleza. Jujitsu shida yake ni moja, anayezungusha goti lako si wewe, ni mtu mwingine ana kilo 90 na hajui lina historia gani.

Kuhusu kisu usione daktari amekupuuza. Kule Uswidi walifuatilia vijana 121 wenye ACL iliyokatika, matokeo yakatoka 2010, kundi moja lilipasuliwa mapema na lingine likaanza na mazoezi, atakayeshindwa ndo apasuliwe baadaye. Baada ya miaka 2 hali za magoti zilikuwa karibu sawa, na hata kufikia miaka 5 kama nusu ya wale wa mazoezi hawakuwa wamepasuliwa. Lakini mazoezi yenyewe ni mazoezi kweli, si kuinua mguu kitandani huku unaangalia simu. Kabla hujarushiana mateke na mtu paja la kushoto lifike walau asilimia 90 ya nguvu za la kulia. Na hata waliopasuliwa hatuwaachii michezo ya kugeuka geuka kabla miezi 9 kuisha, hata wakinung'unika.

Kipimo cha nyumbani: kaa kwenye kiti cha kawaida cha jikoni, simama kwa mguu mmoja, rudi ukae taratibu bila kujitupa. Fanya kulia mpaka uchoke, halafu kushoto. Tuambie.

nyundo_ya_watamu

Mnamtisha tu huyu. Yamashita wa judo alichanika msuli wa shavu la mguu Olimpiki ya Los Angeles 1984, akaingia fainali anachechemea na bado akambwaga Rashwan wa Misri akachukua dhahabu. Roho ya kiume jamani.

choke_tu

@nyundo_ya_watamu hio ilikuwa fainali ya Olimpiki bana, huyu ana zamu ya saa nne usiku kubeba mizigo ya wageni. Tena huyo huyo Yamashita 1980 alivunjwa mguu na kani basami, ile ya kumrukia mtu miguuni kama mkasi, na judo wakaipiga marufuku kabisa. Hadithi simulia zote.

Nije kwa swali. Mimi ni wa jujitsu, naenda Mombasa nikipata nauli, na mwenyewe nina bega lililowahi kutoka kwa hivyo haya ya kucheza na kiungo kibovu nayaishi. Jujitsu yawezekana na goti lako lakini kwa masharti. Kuanza mkiwa magotini ama umekaa, kusimama na kuangushana hapana. Hafugadi epuka, yaani ile umebana mguu wake mmoja naye ajaribu kuchomoa, hapo goti husokotwa bila mtu kukusudia. Na hilihuku, zile za kushika kisigino na kusokota mguu, usiziguse wala usikubali mtu akujaribie, ile haiumi mpaka iwe imeshaharibu. IBJJF wenyewe, shirikisho la jujitsu, walizikataa miaka yote, 2021 ndo wakaziruhusu, tena kwa mchezo wa bila gi (lile vazi la mazoezi), tena kwa wakubwa wa mkanda wa kahawia na mweusi tu.

Kitu ambacho sijaona mtu akikisema hapa ni ngozi. Mkeka wa jujitsu una choa, una majipu, jasho la watu ishirini. Mtu wa sukari akipata mkwaruzo hauponi haraka. Kama mahali hapaoshwi mkeka kwa dawa kila siku hapo wewe usiingie, hata kama mwalimu ni bingwa wa nini.

goju_mzee

Salaam kijana. Kwa goti Goju na Shotokan, mtindo mwingine wa karate, si kitu kimoja. Shotokan wanasimama chini sana, zenkutsu-dachi ndefu (mguu mmoja mbele umekunjwa), goti la mbele linabeba mzigo. Goju yetu misimamo mingi ni mifupi na ya juu kidogo, mikono ndo inafanya kazi. Lakini usidanganyike, shiko-dachi, ile ya kutanua miguu na kuchuchumaa, iko na itakukamua. Mwambie mwalimu unasimama nusu yake, paja lisifike chini.

Kata utakayoanza nayo ni Sanchin. Hatua chache, hakuna kurusha mateke, kugeuka ni kidogo. Nina mawili ya kukwambia hapo. Vidole vya mguu vinaelekea ndani kidogo na vijana hulazimisha goti liingie ndani mpaka linalia, wewe acha goti lifuate kidole cha pili basi. La pili ni pumzi. Wako walimu wanafunza kukaza mwili wote na kubana pumzi mpaka uso wawa mwekundu. Mimi nina presha, daktari alinikataza hio kabisa, kwa hivyo napumua laini, natoa pumzi wakati wa kukaza, sibani. Mwenye sukari naye presha huwa jirani yake, pima.

Halafu mwalimu. Nimepita mahali pamoja, jina nalihifadhi, mwanafunzi akisema anaumwa anaongezewa pushapu za ngumi. Hapo hata kama ni nyuma ya nyumba yenu usiende. Kabla ya kulipa nenda kakae pembeni somo moja utazame tu, uone yule aliyefungwa bendeji anafanyiwa nini. Kama amepewa kazi yake ya pembeni na hakuna anayemcheka, hapo lipa.

mtoto_wa_maweni

Shikamoo mzee, ahsante sana. @fizio_wa_pwani nimejaribu kiti. Kulia nimeenda vizuri tu, kushoto nimesimama mara chache paja likaanza kutetemeka na goti likaingia ndani lenyewe. Aibu lakini ndo hivyo.

fizio_wa_pwani

Si aibu, hilo ndo jibu lako la taekwondo kwa sasa. Goti likiingia ndani ukiinuka tu kwenye kiti litafanya nini ukiwa hewani? Nyonga yako ya kushoto imelala. Tutalirudia.

kamba_na_glavu

Ngumi kaka, ngumi! Begi halikurudishii. Funga bendeji vizuri, raundi za dakika 2 badala ya 3, goti limekunja kidogo, jabu na kros, huku huku unatoka jasho kuliko hao wa kata. Kamba ya kuruka iache kwanza.

Ila spaa, kupigana na mwenzio mazoezini, sikushauri, na nasema hivi napenda ngumi kufa. Robert Wangila wetu alileta dhahabu Seoul 1988, na 1994 akafa baada ya pigano Las Vegas. Sisi huku gym za mtaani mtu anapigwa kichwa, anaona nyota, anamwagiwa maji anaambiwa raundi nyingine. Ukipigwa ukawa na kizunguzungu ama kichefuchefu ama taa zinakuuma macho siku hio imeisha, na hurudi mpaka dalili ziondoke zote na daktari akuone.

fizio_wa_pwani

Naunga mkono, na kwa mwenye sukari kuna la zaidi: macho. Ukapimwe nyuma ya jicho kabla. Sukari ikiwa imeshaharibu mishipa ya humo, kupigwa kichwa, kuruka ruka na hata kubeba vyuma vizito huku umebana pumzi kunaweza kuvujisha damu ndani ya jicho.

Sukari yenyewe kushuka usiogope sana, metformin peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Wa kuangaliwa ni wanaodunga insulini na wanaotumia vidonge vya glibenclamide, hao wapime kabla ya mazoezi na wawe na kitu kitamu mfukoni. Wewe angalia miguu. Mazoezi ya hii michezo ni peku, na ufuoni kuna vigae vya chupa, sasa ukishindwa kuhisi umekatwa kidonda utakiona siku ya tatu. Kila ukirudi kaa, kunja mguu, tazama nyayo na katikati ya vidole, kama huoni weka kioo sakafuni.

binti_wa_langoni

Mbona hakuna aliyetaja kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo? Kwetu Lamu wakati wa Maulidi pale Mkunguni mbele ya ngome ngoma ikilia na zumari watu hutoka na fimbo zao, na wanaocheza vizuri zaidi ni wazee ambao magoti yao hayana hali. Hawaruki. Wanazunguka kwa hatua ndogo ndogo, macho kwa mwenzio, fimbo inapanda inakinga kichwa. Babangu mdogo magoti yamekwisha gegedu na kwenye kirumbizi humpati. Natania nusu tu, kuna vijana wakipandwa na hasira fimbo hutua kweli.

Kuhusu tai chi usicheke kaka. Ilifanywa Marekani, watu 204 wenye goti la kuisha gegedu, wengine tai chi wengine fizio kwa wiki 12, ikatoka 2016 kwamba nafuu ilikuwa sawa. Lakini hao ni wa gegedu, wengi watu wazima. Wewe ni wa kano iliyochanika. Yaweza kukusaidia kusimama imara ila haitakurudishia teke.

Na mchanga laini wa Shela kila mgeni huutaka kukimbilia. Goti kama hili usikimbie pale, tembea kule kwenye mchanga mgumu maji yakitoka.

kamba_na_glavu

Jamani na maji je? Sisi tuko baharini lakini hakuna aliyetaja kuogelea

fizio_wa_pwani

Umenikumbusha. Ukisimama maji ya kiunoni miguu hubeba kama nusu ya uzito wako, ya kifuani hata pungufu ya hapo. Kwa hivyo teke lako la mbele, ap chagi, kalifanyie majini taratibu, maji yenyewe ndo uzito. Ila ukiogelea usipige miguu kama chura, ile inafungua goti kwa pembeni, piga miguu yote sawa sawa juu chini. Bahari ikichafuka na maji ya mto Sabaki yakiigeuza ghuba ya Malindi rangi ya chai ya maziwa usiingie na hio miguu ya sukari, huoni unakanyaga nini.

mama_wa_kilifi

Samahani naingilia. Mwanangu ana selimundu, anatumia dawa yake ya haidroksiyurea, kliniki wamesema mazoezi mepesi ruhusa. Anataka karate kwa kuwa rafiki zake wote wako. Mzee wa Goju waona aje?

goju_mzee

Mlete mwanangu, lakini mwalimu aambiwe na wewe, si na mtoto. Maji anywe wakati wowote bila kuomba ruhusa, apumzike akitaka, asikimbizwe mizunguko ya adhabu, na akilowa jasho jioni ya upepo abadilishwe nguo asipate baridi. Akisema kifua ama mifupa yamuuma hakuna "malizia kata", ni hospitali. Mwalimu akikunja uso ukimwambia haya, rudi naye nyumbani.

fizio_wa_pwani

@mama_wa_kilifi na homa isidharauliwe hata siku moja, homa na selimundu ni hospitali moja kwa moja.

mtoto_wa_maweni

Sawa wakubwa. Nimeamua hivi: taekwondo naiweka, jujitsu ni mbali na ngozi yangu siiamini. Nimeenda kutazama darasa la Goju jana jioni kabla ya zamu, kulikuwa na msichana ana mkono kwenye plasta, mwalimu kamkalisha kwenye kiti anafanya mikono upande mmoja, hakuna aliyemshangaa. Nimemwambia habari ya goti na sukari akauliza "lipi?" akaandika kwenye daftari. Naanza kata tu, begi mara moja kwa wiki, na kiti kila siku. Macho naenda kupima.

Swali la mwisho kwa fizio, zile raba za kuvutia za mazoezi ya nyonga naziona mtandaoni bei ya kuniua. Huku Malindi nitapata wapi za rahisi?

fizio_wa_pwani

Nenda kwa fundi baiskeli yeyote umwombe tyubu kuukuu, wengi hukupa bure. Kata kipande, osha na sabuni, funga fundo juu kidogo ya magoti, lala ubavu wa kulia ufungue la kushoto polepole. Valia suruali, ile raba hung'oa nywele.

choke_tu

Ithibati ninayo ya hilo la nywele 😂