"Masikio yako ndiyo feki": yule muuza earphone wa Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, amevuka mpaka

Sikio_Halisi:
Watu wangu, yule jamaa mnamjua. Mwenye taa za buluu na wimbo mmoja tangu asubuhi. Nimetoka kwake sasa hivi na damu inachemka kiasi cha kuivisha githeri. Namrudishia vipokea sauti alivyouza kwa jina la ANC, yaani teknolojia ya kuzima kelele ya nje, namwambia havizimi kelele yoyote, naye anajibu mbele ya wateja: "Shida si earphone, buda. Masikio yako ndiyo feki."

Masikio. Ndiyo. Feki.

Geuza kijisanduku chake chini. Kwa herufi ndogo kama chawa imeandikwa ENC. Hiyo husafisha sauti yako kwa unayempigia simu, wewe uliyevaa huambulii kitu. ANC ni maikrofoni zinazosikiliza kelele ya nje, kisha chipu inatengeneza wimbi lililopinduliwa ili yauane. Hata ya bei ghali humeza zaidi ngurumo nzito za injini kuliko kelele za makanga. Kupima ni sekunde 10: zima muziki, simama karibu na jenereta, washa ANC, zima, washa. Nimefanya hivyo mlangoni pake na ngurumo haikutikisika. Jibu lake? Masikio yangu ndiyo feki!

Na zile "AirPods Pro" zake za 2,500, eti za Apple! Anafungua kifuniko, kadirisha kanatokea kwenye iPhone, anapiga kifua. Kadirisha hako chipu ya bei ya chai hukaiga. Nambari tambulishi nayo hunakiliwa kutoka kwa halisi, ndiyo maana ukiitafuta inakubaliwa. Lakini tangu iOS 16 simu hutoa onyo kuwa imeshindwa kuvithibitisha. Onyo likitokea analifunga upesi kama anayefukuza nzi. Masikio haya nilizaliwa nayo, hayakuja na kontena!

Mtu_wa_Grogan:
Ulienda na 1,500 ukitaka kimya cha msitu wa Karura? Toa hapo betri tatu, chipu, maikrofoni, meli, ushuru na faida ya jamaa, uone spika imebaki na shilingi ngapi. Mwenye pesa chache anunue kitu cha bei nafuu chenye jina lake chenyewe. Hicho kitakuambia wazi: Bluetooth 5.3, SBC na AAC (njia za kubana sauti ipite hewani), IPX4 (hustahimili matone ya maji), basi. Jina la kuazima ndilo lililokuponza, umepigwa na umestahili.

Dada_Besi:
Kabla hatujamzika jamaa, ulibadilisha vipira vya silikoni? Kikiwa kidogo hewa inapita, besi inakimbia na hata ANC ya kweli inalegea. Vaa, zungusha kidogo kuelekea nyuma, funga mdomo uvume "mmm". Sauti yako ikijaa kichwani, umeziba vizuri. Isipojaa, panda saizi. Na sikio la kushoto linaweza kutaka saizi tofauti na la kulia, watu husahau hilo.

Sikio_Halisi:
Dada, saizi zote tatu, mbele yake! Nilipokuwa navaa ile kubwa ndipo akatamka lile neno. Kwa sauti. Mama mmoja aliyekuwa ananunua kava akacheka hadi akaegemea kaunta.

Mtu_wa_Grogan:
Huyo mama namuelewa.

KijanaRongai:
Mimi yangu upande wa kulia umefifia. Ni feki pia?

Dada_Besi:
Huenda ni nta. Angalia kile kiwavu cha mdomo wa earphone kwa tochi. Inamisha wavu utazame chini, piga kwa brashi laini iliyo kavu ili uchafu udondoke. Usichokoe na sindano, utausukuma ndani au utoboe. Kama upande huo hauchaji, tazama vile vipini vya dhahabu ndani ya kasha. Jasho huviachia ukungu wa kijani. Pamba yenye spiriti kidogo, acha vikauke, ndipo uvirudishe. IPX4 mara nyingi inahusu vipokea sauti tu, kasha halimo, kwa hiyo usivirudishe vikiwa vimelowa.

Wakili_wa_Mtaa:
Kile kibandiko cha "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" hakifuti Kifungu cha 46 cha Katiba: mnunuzi ana haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Shida ni kwamba mnatoka dukani na risiti iliyoandikwa "earphone 1". Mlazimishe aandike modeli na neno ANC, umwone kalamu inavyomlemea.

Thika_Superhighway:
Na nyinyi wa elfu 30 msijione. Betri yake ni kadude ka milliamp-saa 50 hivi, imebandikwa gundi ndani. Miaka miwili mitatu ya kuchaji kila siku, muda umekwisha nusu, na fundi hafungui bila kuvunja. Wengine wamelipia LDAC, njia ya sauti bora zaidi ya AAC, na wanatumia iPhone, ambayo haina LDAC kabisa! Wanasikiliza AAC ileile ya mtu wa 3,000.

Mama_Kava:
Afadhali hata nyinyi mna kitu masikioni. Kuna abiria wa matatu namba 45 anayetazama video kwa spika ya simu kutoka Githurai hadi Odeon. Huyo nani anamrudisha?

KijanaRongai:
Tukiwa hapo, powerbank ya milliamp-saa 20,000 iliyojaza simu ya 5,000 mara moja na nusu tu?

Mtu_wa_Grogan:
Hiyo ni wizi. 20,000 kwa volti 3.7 ni saa-wati 74. Ikipandishwa hadi volti 5 inakuwa 14,800, na joto linakula nyingine. Hata hivyo ilipaswa kujaza mara mbili na zaidi. Ipime: ya kweli hukaribia uzito wa mkate wa gramu 400. Ikiwa nyepesi, ndani kuna seli moja au mbili. Ikiwa nzito na ukiitikisa inachakacha, huo ni mchanga.

KijanaRongai:
Inachakacha.

Mama_Kava:
Yangu pia. Nitaifungua na bisibisi gani?