MJADALA: Majukwaa ya visima vya mafuta kwenye vinamasi vya Alberta, yang'olewe au yapandwe miti?

Mpimamaji:
Kaskazini mwa Alberta, Kanada, visima vingi vya mafuta vimechimbwa katikati ya vinamasi vya mboji. Si mboji ya bustanini. Haya ni mabaki ya mimea yaliyolala majini bila kuoza, yakiongezeka chini ya milimita moja kwa mwaka, hata tabaka la mita mbili limechukua miaka elfu kadhaa. Mtambo hauwezi kusimama juu ya uji huo, kwa hiyo humwagwa jukwaa la udongo wa mfinyanzi wa kimo cha mita moja hadi moja na nusu, mara nyingi juu ya kitambaa cha plastiki, na barabara ya kufika kisimani hujengwa vivyo hivyo. Kisima kikifungwa, udongo huo tuufanyeje?

Mimi nasema uondolewe. Mjenzi wa kinamasi ni sfagnamu, mmea mdogo laini kama sifongo, usio na mizizi. Unategemea mvua na maji yanayopanda kutoka chini. Maji yakikaa chini zaidi ya sentimita 40 kutoka usoni wakati wa kiangazi, haushiki. Kwenye jukwaa lililo mita nzima juu ya maji hautaota kamwe. Ukipanda mispruzi, miti ya jamii ya misonobari, pale utapata kisiwa cha msitu wa nchi kavu, na kinamasi umekipoteza.

Katapila:
Ndugu Mpimamaji, tupige hesabu. Jukwaa la hekta moja lenye udongo wa mita 1.2 ni mita za ujazo 12,000. Kwa lori la mita 15 hizo ni safari 800 za kwenda na 800 za kurudi, juu ya barabara ile ile unayotaka nayo ing'olewe. Udongo utaumwaga wapi? Shimo ulikochimbwa mara nyingi limeshajaa maji. Tena kazi yenyewe ni ya majira ya baridi, kwa sababu kiangazi ardhi haijaganda na mashine inazama, na mfinyanzi ulioganda lazima upasuliwe kwa jino la chuma kabla ya eskaveta kuuchota.

La pili ni kaboni. Mboji iliyofukiwa chini ya mfinyanzi imelowa na haipati hewa, kwa hiyo haiozi. Ukiifunua vibaya, unaanza kuiozesha wewe mwenyewe. Pasua udongo ulioshindiliwa, fanya matuta, panda mspruzi mweusi, ondoka.

Binti Ardhioevu:
Nyote wawili mnazungumza kana kwamba kuna kung'oa na kuacha tu. Kazi hii huharibika kwa sababu ya kimo, na kimo hakisomwi kwa macho.

Udongo umeikandamiza mboji kwa miaka. Ukiondoa wote, uso unabaki chini kuliko kinamasi kinachozunguka, na masika unapata bwawa. Sfagnamu haianzi ndani ya maji marefu. Kwa hiyo kabla ya kugusa jembe, pima usawa wa kinamasi kizima kando ya jukwaa, pande zote, kwenye vinundu na kwenye mabonde yake. Lengo ni kuushusha uso hadi usawa wa yale mabonde. Mboji ikiwa imebonyea sana, ama iache na tabaka jembamba la mfinyanzi juu yake, ama ichimbuliwe na kulegezwa ijae hewa na kuinuka.

Na hilo la malori lina jibu, Katapila: kupindua. Eskaveta inachimba kwa vipande, inatoa mfinyanzi na mboji iliyo chini yake, kisha inarudisha mfinyanzi kwanza na mboji juu. Hakuna safari hata moja ya kubeba udongo nje. Hatari yake ni dereva mwenye haraka anayevichanganya viwili hivyo. Mfinyanzi unaleta chokaa na kupandisha pH, yaani kupunguza asidi, wakati sfagnamu nyingi za vinamasi vya mvua huishi kwenye pH ya karibu 4. Uso ukishachanganyika, acha sfagnamu. Rudisha ndago za jamii ya Carex na miti midogo ya majini, upate kinamasi kinacholishwa na maji ya ardhini.

Uso ukiwa safi, tandaza mimea. Kwaruza sentimita 10 za juu kutoka kinamasi hai, ardhi ikiwa imeganda, kwa uwiano wa 1 kwa 10: hekta moja inahitaji mita za mraba 1,000 za kukwaruza. Funika kwa mabua makavu, kilo 3,000 kwa hekta. Watu huyapunguza mabua ili kuokoa fedha, na jua linamaliza kila kitu kabla ya mvua ya kwanza.

Katapila:
Kupindua nakubali kwa majukwaa madogo. Lakini uwiano huo wa 1 kwa 10 umetoka Quebec, kwenye mashamba ya kuchimbia mboji. Kinamasi kimoja cha huko, Bois-des-Bel, kilirejeshwa mwaka 1999, na baada ya miaka 14 kilipimwa kikivuta kaboni kuliko kinavyotoa. Vizuri sana, ila pale hapakuwa na mfinyanzi. Kule wanaongeza fosfati kilo 150 kwa hekta ili politrikamu, mmea mwingine mdogo kama sfagnamu, ishike uso usiinuliwe na barafu. Fanya hivyo juu ya mfinyanzi, utavuna magugu.

Binti Ardhioevu:
Kweli kabisa. Kwenye mfinyanzi usiweke mbolea.

Mpimamaji:
Nakubali kupindua kuliko kubeba. Barabara lakini sikubali ibaki. Maji ya vinamasi vingi vya huko hutembea kando kwa kando, taratibu. Barabara ikiyakata, upande wa juu miti inazama na kufa, upande wa chini mboji inakauka, na mboji kavu huungua kwa ndani. Kalvati hazitoshi: zinaziba kwa barafu na kwa kazi ya biva, mnyama anayejenga mabwawa ya matawi. Angalau ikatwe kwenye kila mkondo.

Mwanamto wa Kisangani:
Nawauliza kwa ajili ya kwetu. Mboji ya bonde la kati la Kongo ilichorwa kwenye ramani mwaka 2017: kilomita za mraba 145,500, kaboni tani bilioni 30 hivi. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilinadi vitalu vya mafuta, vingine juu ya mboji hiyo, kisha mnada ukafutwa Oktoba 2024. Kampuni zikija kuchimba, tudai nini?

Binti Ardhioevu:
Kaka, mbinu ya baridi haipo kwenu. Ardhi haigandi, na kinamasi chenu kimejengwa na miti. Hakuna sfagnamu ya kutandaza, kwa hiyo sitakuahidi urejeshaji. Dai visima vichimbwe kwa mshazari kutoka nchi kavu. Wakikataa, dai usawa wa uso na wa maji upimwe mwaka mzima kabla ya lori la kwanza, na vipimo vikabidhiwe vijiji. Alberta kuna majukwaa mengi ambayo leo hakuna anayejua uso wa zamani ulikuwa wapi.