Tupeane uzoefu: ulivyokuwa binti wa miaka 14 mpaka 17, nini kilikubana ukashindwa kumwambia mama?

Wadau, binti yangu ana 15, yuko form two. Siku hizi akirudi shule anajifungia chumbani na simu, nikimuuliza ananiambia niko sawa mama. Nyie mliopita huko hebu semeni.

Naanza mimi. Shule ya kata ilikuwa mbali na kwetu, tukapangishiwa geto mimi na mwenzangu, wazazi wanaleta unga na dagaa wa mwezi mzima, ukifika tarehe 20 debe tupu. Hapo ndo boda anapiga honi nje, mkononi mfuko mweusi wa chipsi bado za moto, harufu imejaa chumba na nyie toka asubuhi hamjala. Mwenzangu alipata mimba form three akafukuzwa. Ruhusa ya kujifungua na kurudi shule imekuja Novemba 2021, mwanae alikuwa ashakua mkubwa. Iliniuma sana na inaniuma mpaka leo.

MamaWatatu: Pole dada. Mi wa Shinyanga, la saba baba aliniambia kwenye mtihani andika hovyo, ng'ombe zishaongelewa. Nikaandika hovyo kweli, na majibu nilikuwa nayajua. 2019 Mahakama ya Rufani iliposema kuozesha binti wa 15 kwa ile sheria ya ndoa ya 1971 ni kinyume cha katiba, nililia peke yangu jikoni.

Nyarugusu_girl: Mie Mkongo, nimekulia kambi ya wakimbizi, Marekani nilifika na miaka 14 na kizungu nikakidaka haraka kuliko wote nyumbani, basi bili mimi, barua za shule za wadogo zangu mimi. Siku moja hospitali daktari anamuuliza mama mambo ya kizazi, mimi ndo natafsiri, maneno ambayo mama hajawahi kuyatamka mbele yangu. Tulirudi kwenye basi kila mtu anaangalia dirisha lake.

tatu_: Kwangu picha. Nilimtumia mmoja tu, jumatatu darasa zima wanayo. Mama mwenye mada, usimnyang'anye simu, kaa nae.

Mwenye mada: Asanteni. Nimezima jiko nimeenda kukaa kitandani kwake, sijamuuliza kitu, nimemsimulia ya geto na zile chipsi. Simu kaiweka chini. Ya kwake bado hajasema, ila kaniuliza, mama, huyo rafiki yako sahivi yuko wapi?