Ulinganisho: majina ya ndani ya ofisi, AWS na Azure, DNS nani aishike?

KusiMalindi:
Asalaam aleikum jamaa. Naangalia mitambo ya hoteli yenye ofisi kuu hapa Malindi na tawi Shela, Lamu. Mfumo wa kuweka nafasi za wageni uko AWS (wingu la Amazon) ya Cape Town, mafaili na hesabu ziko Azure (wingu la Microsoft) ya Johannesburg, na Active Directory (orodha ya watumiaji na kompyuta zetu) ingali kwenye seva ya ofisini. Kila upande una majina yake ya ndani ya mashine, na DNS yake (huduma ya kugeuza jina kuwa anwani) haiyajui ya mwenziwe. Nimebaki na njia tatu: BIND yetu (programu ya seva ya DNS) hapa Malindi ijibu kila kitu, kila wingu lishike zoni zake (mafungu ya majina) na maswali yapelekwe kwa mwenyewe, au tulipie kampuni ya tatu ituendeshee zote. Mngechagua ipi?

BintiShela:
Waaleikum salaam. Ya kwanza iache, ndugu yangu. Umeme ukikatika Malindi, Shela watakuwa na intaneti na VPN (njia ya faragha kupitia intaneti) nzima hadi Cape Town, lakini mfumo hautafunguka kwa kuwa jina linaulizwa Malindi. Mgeni ameshuka boti na mizigo yake, mhudumu wa mapokezi hana la kumwambia. Kwangu hilo pekee linatosha kuamua. Weka Unbound (programu ya kuuliza DNS na kukumbuka majibu) hapo hapo Shela, maswali ya kila zoni yaende moja kwa moja kwa mwenye zoni.

FundiNyaya:
Naunga mkono ya pili, ila ina mitego. Anwani ya DNS ya Azure, 168.63.129.16, hujibu mashine zilizo ndani ya Azure tu. Ukiiuliza kupitia VPN hupati kitu. Ile ya AWS ndani ya VPC (mtandao wako wa faragha huko) ni vivyo hivyo. Ndiyo maana Azure wana DNS Private Resolver, na AWS wana Route 53 Resolver yenye milango ya maswali yanayoingia na yanayotoka. AWS hutoza kila anwani ya mlango kwa saa, dola 0.125 kwa kanda za Marekani, na kila mlango unataka anwani mbili au zaidi. Hiyo ni kama dola 180 kwa mwezi, na ukitaka pande zote mbili ni 360, maswali hayajahesabiwa. Tazama bei ya Cape Town kabla hujaenda kwa bosi.

Mtego unaowatoa watu jasho ni anwani za faragha za Azure. Kwa hifadhi ya mafaili, kwenye Unbound elekeza blob.core.windows.net, usielekeze privatelink.blob.core.windows.net. Ukikosea hapo utarudishiwa anwani ya hadharani, na kama umeshaifunga, mafaili yanakataa huku ping (jaribio la kufikia mashine) na VPN zote ziko sawa. Utalaumu ruta siku nzima.

KusiMalindi:
Shukran sana. 360 kila mwezi kwetu ni nzito. Na ile ya tatu?

Mkunguni:
Ya tatu naipenda kwa majina ya hadharani, tovuti na barua pepe. Oktoba 2016 kampuni ya DNS ya Dyn iliposhambuliwa, Twitter na Spotify hazikufikika kwa watu wengi, kwa hiyo ni bora kuwa na watoaji wawili, rekodi zikae kwenye faili moja, na programu kama octoDNS au DNSControl izisukume kote. Kwa majina ya ndani haikusaidii sana: njia ya kuingia kila wingu bado utaihitaji.

Kuhusu gharama, weka mashine pepe mbili ndogo zenye Unbound ndani ya kila wingu. Ziko ndani, basi zitajibiwa. Ni rahisi kuliko milango, lakini masasisho ya usalama ni juu yako. Na usiache Malindi ielekeze AWS kila isichokijua huku AWS nayo ikielekeza Malindi. Swali litazunguka hadi muda uishe. Gawa wazi: aws., azure. na ofisi. chini ya kikoa chenu wenyewe.

KusiMalindi:
Nimeelewa. Naanza na Shela wiki hii. BintiShela, Unbound niiweke kwenye mashine gani?

BintiShela:
Kompyuta ndogo yoyote yenye Linux yatosha. Ichomeke kwenye UPS moja na ruta, na washa serve-expired ili laini ikiyumba iendelee kutoa majibu iliyonayo.