Leza (ngozi bandia) ya rufu ya gari inadondoka kila nikipaki juani, nitumie gundi gani?

kobe72
Wakuu habari za jioni. Nina gari, Volkswagen Beetle ya 1972, hapa Arusha, nimeifufua mdogo mdogo imebaki ndani tu. Fundi kanibandikia sponji na leza kwenye bati la rufu kwa gundi ya viatu, sasa nikiipaki juani mchana inaachia inanifunika kichwa kama chandarua. Karudia mara mbili. Gundi mbovu au kuna ya magari? Siti bado sijampa, naogopa.

fundi_siti
Pole mkuu. Zile waya za rufu ziko wapi?? Dari la Beetle halibandikwi kwenye bati, lina mifuko imeshonwa mgongoni waya zinapita humo, gundi inakaa pembeni tu kwenye fremu za vioo na milango. Bati la juu likipigwa jua ni kikaango, gundi ya viatu inalainika.

kobe72
Alisema hazina kazi. Ziko stoo 😭

fundi_siti
Afadhali hajaziuza skrepa. Kwangua sponji yote ibaki safi, maana ukipaka juu ya ule unga wa sponji gundi itashika unga. Tafuta gundi ya kontakti ambayo kopo limeandikwa inavumilia joto, paka nyembamba pande zote mbili halafu SUBIRI, dakika 10 mpaka 20 hivi, ukigusa na kidole isivute nyuzi ndio ubandike. Wengi wanabandika mbichi, thina inanaswa ndani, baadae mapovu. Vuta dari kwanza ushikize na vibanio vya nguo, gundi mwisho.

dada_cherehani
Naongezea, msipake asubuhi na baridi hii ya mwezi wa 7, thina ikiruka inapooza gundi inavuta unyevu juu inakuwa nyeupe, hapo haishiki tena. Nilishaharibu mlango mzima hivyo, tena wa mteja mkorofi. Milango ya gari wazi, sigara mbali. Supaglu usiiguse, inakauka kama kioo inapasuka. Siti gundi ni ya kushikisha sponji isitembee tu, kava inabebwa na uzi na waya.

kobe72
Asante sana aisee. Leza hii hii si itatosha? Aliikata saizi ya bati.

dada_cherehani
Haitoshi kaka, mifuko ya waya inakula kitambaa. Nunua nyingine tu.